Mgeni, Dai Jembe Lako



Ikifika mwishoni mwa Agosti, ukipita uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kule Dar es Salaam au Jomo Kenyatta kule Nairobi, hukosi kuwaona vijana wenye bahasha ya kaki kwapani na mabegi yanayopimwa mara mbili mbili kwa sababu mama kasisitiza unga na dagaa viingie. Wanakwenda China. Wengi ni wanafunzi. Wachache ni walimu: wa Kiswahili vyuoni, au wa hisabati na sayansi katika shule za kimataifa. Muhula wa kwanza kule huanza Septemba, ndiyo maana safari zao hukutana wiki hizo hizo. Leo nazungumza na hao wachache, mimi niliyewahi kusimama mbele ya darasa huko Beijing, na neno langu kwao ni moja: usikubali kuishi China kwa kuletewa.

Nieleze maana yangu. Kiswahili si mgeni China. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, hata kabla bendera ya Uingereza haijateremshwa Dar es Salaam, na miaka hiyo hiyo lugha yetu ikaanza kufundishwa vyuoni Beijing. Wataalamu wengi wa kigeni wa enzi zile waliwekwa Hoteli ya Urafiki, majengo makubwa yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wataalamu wa Kisovieti. Mle ndani wageni walikuwa na mesi yao na huduma zao. Mtu angeweza kumaliza mkataba wake, akarudi kwao akiwa ameuona mji kupitia dirisha la gari.

Siku hizi mwalimu mpya hafungiwi hotelini. Anapewa chumba ndani ya chuo au nyumba mtaani. Lakini kuletewa hakujakoma, kumebadilika sura tu. Ofisi ya wageni ya chuo inakupa kijana wa shahada ya uzamili akupokee uwanjani, akupeleke polisi, benki na hospitali, akuandikie kila fomu. Na simu yako, ukishaijua, inakuletea mengine yote: wali, maji, sabuni, dawa ya mafua, hadi kitunguu kimoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenyeji wa China wana ukarimu wa kukuacha mgeni siku ya tatu, mwezi wa tatu, na ukitaka hata mwaka wa tatu. Jembe hawakupi. Inabidi ulidai mwenyewe.

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo kuletewa kunapoumiza. Wapo mawakala wanaowaambia vijana wetu: wewe tuma pasi na picha, mengine tuachie sisi. Kijana anatua na viza ya biashara au ya masomo, anaahidiwa kwamba itabadilishwa huko huko. Sheria ya China ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika Julai 2013, haina utani katika hili. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuani 5,000 na 20,000. Kosa likionekana zito, huwekwa ndani kwa siku 5 hadi 15, na anaweza kurudishwa kwao. Wakala naye ana adhabu yake katika sheria hiyo, lakini siku ya kukamatwa yeye yuko kwake na simu imezimwa.

Njia halali inajulikana, na inafaa uijue kichwani hata kama kuna mtu amelipwa kukufanyia. Mwajiri anaomba kwanza taarifa ya kibali chako cha kazi. Ukiipata, unaomba viza ya Z, ile ya kazi. Ukishaingia, kama hukufikia hoteli, una saa 24 za kujisajili kituo cha polisi cha mtaa unaolala. Kuna vipimo vya afya: damu, picha ya kifua, mapigo ya moyo. Kisha ndani ya siku 30 tangu kuingia uwe umeomba kibali cha ukaazi, ile karatasi inayobandikwa ndani ya pasi. Ukihama nyumba, usajili wa polisi unaanza upya, na anayepuuza anaweza kutozwa faini ya hadi yuani 2,000. Na kabla ya yote hayo, shahada yako na cheti cha tabia njema vinapitia Wizara ya Mambo ya Nje hapa nyumbani, halafu ubalozi wa China. Hiyo si kazi ya wiki moja, hivyo anayesafiri Agosti asingoje Julai.

Kuna jambo moja hapa ambalo vijana hawaambiwi. Kwa taratibu za China, mwalimu wa lugha kimsingi hufundisha lugha yake mwenyewe, awe na shahada na uzoefu wa miaka miwili. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayekwenda kufundisha Kiswahili ana pa kusimama. Yule anayeahidiwa kufundisha Kiingereza katika chekechea, eti Kiingereza chake ni kizuri, aulize maswali mawili matatu kabla hajauza pikipiki yake. Na ajue pia kwamba Julai 2021 serikali ya China ilibana masomo ya ziada ya kulipia kwa watoto wa shule, na vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vikafunga milango. Soko la zamani, la kushuka kwenye ndege ukapata kazi kwa sura na lafudhi, limekwisha. Na hata lilipokuwepo, msikilizaji, sura iliyokuwa ikitafutwa haikuwa yetu.

Haya, umefika, karatasi ziko sawa. Sasa simu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kutishwa na pesa za kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo hata muuza mihogo ana Lipa Namba yake. Kule mambo yamepiga hatua nyingine: kila meza ya nyanya imebandikwa msimbo wa QR, unauskani kwa programu ya WeChat au Alipay, na kispika kidogo kilichofichwa nyuma ya mizani kinatangaza kwa sauti kiasi kilichoingia, ili muuzaji asihitaji hata kugeuka. Tangu Julai 2023 wageni wanaweza kuunganisha kadi za benki za kwao, kwa hiyo hutalala njaa siku ya kwanza. Lakini ili maisha yaende, unahitaji laini ya simu ya China na akaunti ya benki ya China, na hapo ndipo jina lako linapogeuka kuwa kazi.

Majina yetu ni marefu, na ni matatu. Mfumo mmoja unataka jina la ukoo lianze, mwingine unataka liishe. Mmoja unapokea nafasi kati ya majina, mwingine unayabana yote pamoja kama mkia wa treni. Duka la simu likikuandika hivi na benki ikakuandika vile, programu ya malipo itakataa kukutambua, na hata tiketi ya treni ya mwendokasi, inayokatwa kwa pasi, itagoma. Dawa yake ni ndogo: andika jina lako kwenye kikaratasi vilevile lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, mpe karani aliye dirishani, na usiondoke mpaka umeliona alivyoliandika kwenye kompyuta. Yule kijana wa ofisi ya wageni hawezi kuyajua haya. Kwake, jina ni herufi mbili au tatu za Kichina. Hili ni lako wewe kulisimamia.

Sasa nije penye moyo wa mazungumzo yangu, nako ni sokoni. Mwalimu mpya akishaijua programu ya kuagiza chakula, ana hatari ya kupotea. Vijana wa pikipiki za umeme wanafika mlangoni ndani ya nusu saa. Unafundisha, unarudi, unaagiza, unakula, unalala. Muhula unakwisha, na mtu pekee aliyewahi kukusemesha nje ya darasa ni huyo kijana wa pikipiki, naye ana haraka.

Ndugu yangu, toka. Amka mapema Jumamosi, tafuta soko la mboga la mtaa wenu. Halikosekani, japo siku hizi mengi yamehamishiwa ndani ya majengo. Utawakuta bibi wastaafu na vikapu vyao vya magurudumu, wanabonyeza matikiti na kubishana bei ya samaki anayerukaruka kwenye beseni. Tembea mpaka penye majani. Kile kifungu chenye mishipa myekundu ni mchicha, mchicha wako kabisa, tena ukiupika hutoa rangi ya zambarau inayotia wali rangi. Ukiwa kusini, utaona na matembele, wanayakaanga kwa kitunguu saumu na moto mkali. Bamia zipo. Unga wa mahindi upo, ila ni wa njano na wenyeji huutumia zaidi kwa uji na mikate. Ugali wake unakubali, ingawa mtu wa sembe atanung'unika siku mbili tatu.

Muulize mama muuzaji bei. Kama hujui Kichina hata kidogo, atakuonyesha kwa mkono mmoja, na hapo shika akili. Moja hadi tano ni kama kwetu. Sita ni kidole gumba na kidole kidogo vimenyooshwa, vingine vimekunjwa. Nane ni gumba na shahada, alama ambayo kwetu mtoto akikuelekezea amekufanyia bastola. Na bei anayoitaja si ya kilo, ni ya nusu kilo, kipimo wanachokiita jin. Anayejua hilo hashangai mizani ikisema mara mbili ya alivyotarajia. Ukishalipa, mara nyingi atachukua shina la kitunguu cha majani au kishada cha giligilani akutumbukizie bure ndani ya mfuko. Hiyo ndiyo nyongeza, kama ya sokoni kwetu. Rudi kwake Jumamosi ijayo, kwa mama huyo huyo. Ya tatu atakuita kabla hujafika. Atataka kujua unatoka wapi, umeoa au hujaoa, unalipwa kiasi gani, na usikasirike, maana ni maswali yale yale ambayo shangazi yako angemuuliza Mchina akipanga chumba kwenu.

Kichina chako kitaanzia hapo. Darasa la lugha ni zuri, lifuate kama chuo kinakupa. Lakini namba, majina ya vyakula, "punguza kidogo" na "kesho nitakuja", hayo utayashika sokoni, kwa sababu usipoyashika hutakula.

Waislamu wanaouliza kuhusu chakula, nawajibu hivi. Vyuo vingi vikubwa vina mesi ya Waislamu, na karibu kila mji una vibanda vya tambi za kuvutwa kwa mkono, vya Waislamu wa China kutoka upande wa Lanzhou na Qinghai, vyenye maandishi ya kijani mlangoni. Beijing kuna msikiti wa kale wa Niujie, na mtaa unaouzunguka umejaa bucha na mikate. Ukienda mara moja, hutauliza tena.

Baridi sitaizungumzia sana, kwa sababu kila mtu atakuonya. Nitasema moja tu ambalo maonyo husahau. Kaskazini ya mstari wa milima ya Qinling na mto Huai, miji hupashwa joto kwa mabomba ya pamoja. Beijing kwa kawaida huwashwa 15 Novemba na kuzimwa 15 Machi. Kusini ya mstari huo, mabomba hayo kwa kawaida hayapo. Kwa hiyo mwalimu aliyepelekwa Shanghai, akidhani ameponea kwa kuwa ni kusini, anaweza kutetemeka ndani ya nyumba kuliko mwenzake wa Beijing aliyevaa fulana. Uliza nyumba yako inapashwaje joto kabla ya kusaini mkataba. Na ujifunze kunywa maji ya moto. Kila jengo la chuo lina bomba lake, kila mtu ana chupa yake, na mzee mlinzi akikuona unakunywa maji baridi mwezi wa Januari atakusikitikia kweli kweli.

Tuingie darasani. Huko utapata raha ambayo wengi hawaitarajii. Darasa la Kiswahili ni dogo, na kila mwanafunzi mara nyingi ana jina la Kiswahili: Neema, Baraka, Tumaini. Asubuhi ya kwanza kijana wa miaka 18 atasimama, mikono imeshikana mbele, aseme "Shikamoo, mwalimu," na utajikuta unajibu marahaba kwa sauti ya babu yako. Jedwali la ngeli wanalijua kuliko mtoto wa Temeke. Kinachowapiga chenga ni mazungumzo ya mtu anayekata maneno, anayetania, anayesema "poa" na kuondoka. Hicho ndicho walichokuitia, kwa sababu sarufi walimu wao Wachina wanaifundisha vizuri mno.

Hapa nako usiletewe. Kila darasa lina kiranja wake, kijana anayejua ratiba, anayekusanya kazi, anayepeleka taarifa kwenye kundi la WeChat. Ni rahisi kumwachia yote, ukawa mtu wa kuingia na kutoka. Jifunze majina yao ya Kichina pia, hata ukiyatamka vibaya mwanzoni. Kula nao mesini. Baada ya chakula cha mchana, chuo kizima hulala. Ukipita madarasani utaona vichwa vimeinamia madawati. Usipange jambo saa hiyo, wala usigonge mlango wa mtu. Lakini jioni, uwanja wa michezo ukijaa watu wanaozunguka kwa miguu, nenda kazunguke nao. Maswali ambayo hawakuuliza darasani watakuuliza wakiwa wanatembea, pasipo na wenzao wa kuwasikiliza wakikosea.

Msikilizaji, ningekuwa mnafiki nikiacha jambo la rangi. Utatazamwa. Utapigwa picha kwenye treni. Bibi atashika nywele za binti yako bila kuomba. Mengi ya hayo ni ushamba usio na ubaya. Lakini lipo na lenye ubaya. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya pamoja kwa serikali kulalamika. Wapo wenye nyumba ambao wakiona pasi yako chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Siwezi kukudanganya kwamba kununua mchicha kwa mama mmoja kila Jumamosi kunaondoa hayo. Ninachosema ni kwamba siku yakikufika, kuna tofauti kubwa kati ya mtu ambaye mlinzi wa geti, jirani wa ghorofa ya chini na kinyozi wanamjua kwa jina, na mtu ambaye jengo zima linamjua kama mlango unaopokea vifurushi. Wa kwanza ana watu wa kusimama naye na kumsemea kwa lugha yao. Wa pili ana namba ya ofisi ya wageni, na ofisi hufungwa jioni.

Mwisho, nyumbani. Saa za Beijing ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Mama akimaliza kula saa mbili usiku Dar es Salaam, kwako ni saa saba usiku na kesho una kipindi cha asubuhi. WhatsApp kule imefungwa, Facebook na Google pia. Wapo wanaokwenda njia za panya za mtandao, lakini hizo hukatika hasa siku unazozihitaji. Kwa hiyo WeChat iwekwe kwenye simu ya mama kabla hujaondoka, maana akaunti mpya mara nyingi hutaka mwenye akaunti ya zamani aithibitishe, na hilo si la kuhangaika nalo ukiwa umbali wa maelfu ya kilomita. Kubalianeni saa. Jumapili mchana ya huku ni jioni ya huko, wote mko macho. Na wewe mzazi unayenisikiliza, ukimuuliza mwanao kama anakula, muulize pia amenunua wapi, kwa nani. Jibu lake litakuambia kama ameanza kuishi au bado anahudumiwa.

Kwa wale wa Agosti hii, basi, fanyeni haya wiki hii: anzeni kuthibitisha vyeti, mwombeni mwajiri taarifa ya kibali cha kazi, muisome wenyewe, muone jina la kazi na la shule ni yale yale mliyoahidiwa, ulizeni habari ya nyumba na joto lake, wekeni WeChat kwenye simu ya nyumbani. Mkifika, mfuateni yule kijana wa ofisi ya wageni mara ya kwanza, kwa shukrani. Mara ya pili mwambieni akae pembeni, mzungumze na karani wenyewe, hata kama mtachekwa. Mara ya tatu asije kabisa.